Lugalo, Agosti 1891: hesabu za msafara uliovunjwa

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara kuu ya kwenda Morogoro, unapita Lugalo. Upo mnara pale wa kumkumbuka Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Kijerumani, na watu wake. Kila mtu mkoani anajua kwamba Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, alimpiga Mjerumani mahali hapo. Uliza alimpigaje, utajibiwa ni ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, tena mwingi. Ila ukiishia hapo utashindwa kueleza kwa nini watu walewale, chini ya mtwa yuleyule, walipoteza ngome yao ya Kalenga miaka 3 tu baadaye. Lugalo ni habari ya njia nyembamba, mizigo na sekunde, na Mkwawa alizisoma zote tatu kuliko adui yake.

Tuanze na msafara wenyewe. Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alitoka Kilwa katikati ya mwaka 1891 na kupanda bara, akichoma makazi njiani. Alikuwa na Wazungu wasiofika 20, askari kama 320, na wapagazi zaidi ya mia, pamoja na punda na mizinga. Hao askari hawakuwa Wajerumani. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1889 na Hermann Wissmann, aliyeajiri Wasudani kutoka Cairo na watu wa kusini mwa Msumbiji walioitwa "Wazulu" ingawa wengi walikuwa Washangaani. Ndiyo maana vyeo vyao vilikuwa vya Kituruki na Kiarabu: ombasha, shaushi, efendi. Mwaka 1891 likawa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Kwa hiyo pale Lugalo Waafrika waliuana na Waafrika waliotoka mbali sana, na hilo tulikumbuke tunapohesabu maiti.

Sasa piga hesabu. Njia za wakati ule zilikuwa za miguu, mtu nyuma ya mtu. Mtu mwenye mzigo kichwani huchukua kama mita 2, yeye na nafasi iliyo mbele yake. Watu 500 wanakaribia kilomita 1. Ongeza punda wanaogoma na mteremko unaowapunguza mwendo walio mbele huku wa nyuma wakiachwa, na mstari unafika kilomita 1 na nusu bila shida. Kamanda akiwa mbele hawaoni walio nyuma, na amri yake hawaisikii. Ukipigwa ubavuni, huna jeshi la watu 320. Una vikundi vya watu kumi kumi, kila kimoja peke yake na vichaka vyake.

Silaha nayo. Bunduki ya askari wa Schutztruppe ilikuwa Mauser ya mwaka 1871: nzito, yenye risasi nene ya milimita 11, inayoingia moja kwa wakati. Ukishapiga, unazungusha komeo na kulivuta nyuma. Bunduki hiyo haikuwa na kifaa cha kulirusha ganda nje, kwa hiyo unaiinamisha upande ili ganda lidondoke. Unaingiza mkono kwenye pochi ya mkanda, unatoa risasi nyingine, unaisukuma ndani kwa kidole, unarudisha komeo na kulifunga, ndipo unalenga. Askari aliyezoea, mahali patulivu, anatumia sekunde 6 au 7. Baruti yake ni nyeusi, ya moshi: baada ya milio michache hakuna anayeona mbele.

Mhehe aliyelala nyasini mita 40 kutoka njiani, mwenye ngao ya ngozi na mkuki, anazifikia mita hizo kwa sekunde 7 au 8, vichaka vikiwemo. Askari ana nafasi ya risasi moja, pengine mbili akiwa mwepesi. Baada ya hapo bunduki ndefu inakuwa rungu, na mkuki mfupi unafanya kazi yake. Na hiyo ni kama alikuwa tayari. Mtu anayetembea na bunduki begani tangu alfajiri hayuko tayari.

Mizinga ndiyo iliyowapa Wajerumani kiburi, nayo ndiyo haikufaa kitu. Mzinga hausafiri ukiwa mzima. Mtutu uko kwa punda huyu, magurudumu kwa yule, risasi zake kwa mpagazi aliye nyuma kabisa. Kuushusha, kuuunganisha na kuuelekeza kunahitaji dakika kadhaa na watu waliotulia. Punda akishasikia mlio wa kwanza hatulii, na mpagazi akiona mikuki anatupa mzigo. Ana haki: hakuajiriwa kupigana, na mara nyingi hana hata silaha.

Tarehe 17 Agosti Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamejificha kando ya njia. Kazi ngumu zaidi siku ile naiona kuwa ni kunyamaza. Kuwaweka maelfu ya watu kimya vichakani, adui akipita hatua chache tu, hadi sehemu kubwa ya msafara iwe imeingia ndani, hakuna anayekohoa wala kurusha mkuki mapema, ni nidhamu ya jeshi lililofundishwa. Jeshi hilo lilijengwa tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, na lilikwishapimana nguvu na Wangoni. Mapigano makali yalichukua dakika chache. Zelewski aliuawa kwa mkuki. Walikufa Wazungu 10 na sehemu kubwa ya askari. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma, alinusurika na kikundi kidogo akarudi pwani.

Wahehe waliondoka na mamia ya bunduki. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Gobore unalilisha baruti na kipande chochote cha chuma, mhunzi wa kijijini analimudu. Mauser inataka risasi yenye ganda la shaba iliyotoka kiwandani. Zilizotekwa zikiisha, basi.

Wajerumani walirudi Oktoba 1894 wakiongozwa na gavana Friedrich von Schele, na safari hii Wahehe ndio waliokaa mahali pamoja. Kalenga ilikuwa na ukuta mkubwa, lipuli, jina ambalo leo vijana wanalijua zaidi kwa timu ya mpira. Ukuta unamzuia Mngoni mwenye mkuki. Mzinga unaupenda ukuta, kwa sababu hauhami. Punda walifika, mizigo ikashushwa, mizinga ikaunganishwa bila haraka. Tarehe 30 Oktoba ngome ikaanguka. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya msituni hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi Mlambalasi badala ya kukamatwa. Miaka hiyo ya msituni alirudi kwenye mbinu iliyomfaa, na Wajerumani nao wakabadilika: wakajenga boma Iringa, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, wakaandama chakula cha watu waliokuwa wakimficha.

Mzigo ulibaki tatizo hata jeshi lilipokua. Mpagazi anabeba kama kilo 25 na anakula karibu kilo 1 kwa siku. Mpe unga apeleke mahali pa siku 12: kwenda na kurudi amekula kilo 24, amefikisha kilo 1. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Northey wa Uingereza alipopanda kutoka Nyasa (Malawi ya leo) kupitia Tukuyu na Njombe hadi kuiteka Iringa Agosti 1916, hesabu hiyohiyo iliwaua wapagazi wengi kuliko risasi, kwa njaa, kuhara na baridi ya nyanda hizi.

Ukitaka kuiona Lugalo vizuri, nenda Agosti, mwezi wenyewe, nyasi zikiwa zimekauka. Mwache mwenzako mnarani, jitenge na barabara kwa ajili ya malori, utembee hatua 1,000 kwa kuhesabu. Kisha aite jina lako kwa sauti yake yote.