Harufu Zilipopotea

Mafua yaliisha ndani ya wiki moja, pua ikazibuka, lakini harufu hazikurudi. Niligundua siku chakula kilipoungua nami nimesimama jikoni, nakata vitunguu. Mwanangu alikuja mbio kutoka chumbani: "Mama, nini kinaungua?"

Tangu siku hiyo kwangu hapakuwa na kunuka wala kunukia. Ulimi ulinipa utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha ya mchuzi wa nyama (umami), basi. Mengine mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Nikawa nakula kwa sababu saa imefika. Kilichoniumiza zaidi ni kumkumbatia mwanangu usiku nisisikie hata harufu ya nywele zake.

Hofu yangu kubwa ilikuwa gesi. Yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia huongezwa makusudi ili ikivuja tujue, na kinga hiyo mimi sikuwa nayo tena. Nikaweka king'ora cha gesi na cha moshi, nikaanza kuandika tarehe kwenye kila kiporo. Kuhusu harufu ya mwili wangu, nilimwomba dada yangu aniambie ukweli bila kunionea haya. Aliniambia, na namshukuru.

Daktari alinieleza kwamba seli za kunusa huzaliwa upya, ila polepole, akanipa zoezi la kunusa ambalo mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Ujerumani walichapisha utafiti wake mwaka 2009. Ni mafuta ya waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Nanusa kila moja kwa sekunde 20 hivi, asubuhi na jioni, huku nikijitahidi kuikumbuka harufu yake. Wiki 12 za mwanzo nilinusa hewa tupu, na mara mbili nililia chupa ikiwa mkononi.

Mwezi wa tano kahawa ikarudi, lakini kama mpira unaoungua. Vitunguu navyo vilinuka uvundo. Vilivyokuwa vikinukia sasa vilinuka! Daktari alisema hutokea mishipa ya fahamu inapojiunga upya, nisiache zoezi. Nikawa nakula chakula kilichopoa, kwa kuwa cha moto hutoa harufu nyingi zaidi.

Karafuu ndiyo ya kwanza kurudi sawasawa. Nywele za mwanangu nazisikia kwa mbali, nikiinama kabisa. Chupa ya limau bado iko kimya, naifungua kila jioni.