Kachumbari ya Lubumbashi, chupa ya mafuta kabatini

Nyumbani Tukuyu bado kuna ndugu wanaonipigia simu kuuliza kama huku kuna theluji. Kwao ughaibuni ni ughaibuni, hauna karibu wala mbali. Mimi nilivuka pale Tunduma nikiwa nimebanwa katikati ya dereva na utingo wake, tukaikata Zambia kupitia Kapiri Mposhi na Chingola, tukakaa foleni ya Kasumbalesa hadi ndevu zikaota, na kilomita kama 90 mbele nikawa nimefika Lubumbashi, Kongo. Theluji hakuna. Kuna vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye soksi, kuna lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kilima chake cheusi cha mabaki ya shaba, na kuna baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo mtu wa Tukuyu hawezi kuilalamikia bila aibu. Nafuatilia makaratasi ya mizigo. Huu ni mwaka wa saba.

Lugha ndiyo iliyonitoa jasho. Siku ya kwanza niliambiwa chumba changu kiko Kenya. Nikasema jamani, mimi Mtanzania, nimetoka upande huo huo, Kenya narudi kufanya nini? Kumbe Kenya ni sehemu ya mji huu huu, ina soko lake kubwa na kelele zake. Siku ya pili nikajitambulisha kazini kwa majivuno: natoka Bongo. Wakacheka hadi wakashika matumbo, maana hapa bongo ni uongo. Mtu wa kutoka Uongo, na ndiye anayeshika makaratasi ya mizigo. Hadi leo kuna wanaoniita hivyo.

Chakula, kwa upande wake, hakikuhitaji mkalimani. Ugali wanauita bukari, kisamvu ni sombe, nyama ya mbuzi ya kuchoma ni michopo. Na karibu kila kitu kinapita kwenye mafuta kabla hakijafika mezani. Sombe inapikwa kwa mawese hadi juu inang'aa rangi ya machungwa. Hata saladi, ambayo ungedhani imeponea, kwenye sherehe inakuja kwenye sahani pana: majani, nyanya, mayai ya kuchemsha, vitunguu vya duara, mafuta na siki juu yake, na pembeni bakuli la mayonezi kwa atakayeona mafuta hayajatosha. Mbelgiji, mkoloni wa hapa, aliondoka, mayonezi yakabaki.

Mama mwenye lupango ninamopanga anapima upendo kwa kijiko cha mafuta. (Lupango ni kiwanja chote na vilivyomo: nyumba, vyumba vya wapangaji, ua, kuku, na siri za kila mtu.) Akikupenda, mboga yako inaogelea.

Sasa mwaka jana, mwezi wa tano, nilipima damu kwa sababu ya uchovu usioisha. Kolesteroli juu, traiglisaridi, yaani mafuta ya kwenye damu, juu zaidi. Daktari, kijana mpole, aliandika ukurasa mzima wa Kifaransa, kisha akanitazama na kunisemesha Kiswahili ili ujumbe usipotelee njiani: mafuta nipunguze, pombe nipunguze, nitembee. La pombe tutaliongea siku nyingine.

Nilirudi nikafungia chupa ya mafuta kabatini kama mtu anayefungia bunduki. Jioni hiyo nikanunua mambo yangu sokoni, nikakata saladi na tango, nikakamulia ndimu mbili na chumvi, nikakaa kula. Wacha! Ndimu yote ilikuwa imeteremka chini ya bakuli. Majani ya juu yalikuwa na ladha ya majani, ya chini yalikuwa yakichoma ulimi. Mama mwenye lupango alipita mlangoni, akasimama, akachungulia.

"Mutanzania, mafuta iko wapi?"

"Daktari amekataza, mama."

"Ile njo byakula ya mugonjwa," akasema, na akaondoka kwa huzuni ya kweli kabisa, kama aliyepita wodini.

Wiki mbili nilikula chakula cha mgonjwa. Nilinunua hata chupa ya sosi dukani iliyoandikwa kwamba haina mafuta. Nikasoma maandishi madogo nyuma, baada ya maji kilichofuata ni sukari, kisha wanga wa kuitia uzito. Nikaona nimetoka kwenye shimo nikaingia kwenye handaki.

Ilibidi nifikirie mafuta yenyewe yanafanya nini kwenye saladi, maana ukimfukuza mfanyakazi lazima ujue alikuwa anafanya kazi gani. Sosi ya Kifaransa, ile wanayoipenda hapa, ina mafuta vipimo vitatu kwa kimoja cha siki. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na mkono wa kumimina wa huku hauishii kijiko kimoja. Lakini mafuta yana kazi tatu. Yanapunguza ukali wa siki. Yanashika kwenye jani, hayateremki. Na yanabeba harufu ya kitunguu saumu na viungo hadi puani. Ndimu peke yake haifanyi hata moja katika hizo. Kwa hiyo nilichokosa kilikuwa uzito, kitu cha kuishikilia ndimu mahali pake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kachumbari, nikajicheka. Maisha yangu yote nimekula saladi isiyo na mafuta! Nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, pilipili, basi. Nani Tanzania anatia mafuta kwenye kachumbari? Na haina ukali wa kuchoma kwa sababu nyanya inaachia maji yake, chumvi inakivuta kitunguu kinalainika, na yale maji ya chini ya bakuli, yale tunayoyagombania kuchovyea ugali, ndiyo sosi yenyewe. Bibi yangu alikuwa anakamua kitunguu kwa chumvi kwanza, anasuuza, ndipo anaweka ndimu, na anakiacha kama dakika kumi kabla ya kukata nyanya. Nilikuwa nimeruka hatua zote hizo kwa haraka ya kupona.

Basi maji ya kachumbari ninayo. Uzito niliupata hapa hapa uani.

Mama mwenye lupango ana jiko lake la mkaa, mbabula, na Jumamosi hukaanga kalanga za kutia kwenye sombe. Anazikaanga kavu, kwenye sufuria iliyopinda tako, mkaa ukiwa umeanza kuvaa majivu, mkono hautulii. Nilikuwa nimekaa naye. Kabla ya kukaanga alizimwaga kwenye ungo akachambua moja moja, zile zilizokunjamana na zenye ukungu akazitupa mbali, hata kuku hakuwapa. Nilimsifu, kwa sababu kuna sumu ya ukungu wa karanga, aflatoksini, ambayo kukaanga hakuimalizi. Akanitazama kama mtu aliyefundishwa na mjukuu jinsi ya kuzaa. Zilipoanza kupasuka na maganda kuinuka akazishusha, akazisugua kwa viganja, akapeperusha maganda, akaanza kutwanga. Mara ya kwanza unapata unga. Endelea, unga unashikana. Endelea tena, unaanza kung'aa na kulainika, maana mafuta yake yenyewe yanatoka. Nikaomba vijiko vitatu.

Kwenye kinu kidogo nikatwanga punje moja ya kitunguu saumu na chumvi, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, pilipili nusu. Nikatia karanga, kisha nikakamulia ndimu moja. Hapa ndipo wengi watakata tamaa, na mimi nilikata: badala ya kulainika, karanga iliganda ikawa tonge, ngumu, imepauka, ukiichota inatoka yote na kijiko. Usiitupe. Ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja, koroga kwa nguvu, ongeza kingine. Kwenye kijiko cha tatu au cha nne inalegea ghafla, inakuwa nyeupe nyeupe na laini kama uji wa mtoto. Mwisho nikatia yale maji ya kachumbari yaliyobaki kwenye bakuli. Nikamimina juu ya kabeji iliyokatwa nyembamba na karoti. Ikashika. Kila uzi wa kabeji ulikuwa umevaa.

Najua atatokea mtu aseme karanga zenyewe karibu nusu ni mafuta. Ni kweli, sibishi, na parachichi nalo lina yake. Ninachokwepa ni kumimina kutoka kwenye chupa, ambako mkono hauna breki. Vijiko vitatu vya karanga kwa bakuli la watu wanne ni hesabu nyingine kabisa, na unapata protini juu yake. Isitoshe mwili unahitaji mafuta kidogo ili uchukue vitamini A, E na K zilizomo kwenye majani na karoti. Ukila karoti mbichi na siki tupu, sehemu kubwa ya faida yake inapita tu. Yule aliyenuia kula sifuri kabisa ajue anajipunja. Mwenye mzio wa karanga naye airuke hii, aende kwenye parachichi.

Parachichi silielezi sana kwa kuwa ni jepesi: nusu ya lililoiva, ndimu, maji, majani ya giligilani, chumvi, unaponda kwa uma hadi limiminike. Kasoro yake ni kwamba linageuka rangi. Ndimu inachelewesha, haizuii, kwa hiyo tengeneza la kula sasa hivi. Nyanya ninaipenda zaidi, hasa wakati huu wa baridi nikiwa na mkaa umewaka: nyanya mbili juu ya mbabula hadi ngozi ziungue, menya, ponda na kitunguu kilichochomwa pembeni yake, kijiko cha siki, na haradali nusu kijiko. Haradali ndiyo inayoshikanisha mambo, bila yenyewe maji ya nyanya yanajitenga pembeni. Mwezi wa kumi na mbili, maembe yakishamwagika sokoni Kenya hadi yanakanyagwa, embe moja lililoiva sana na siki na pilipili linatosha bakuli zima la tango. Hilo wageni wanaligombania na hawaulizi mafuta.

Mtindi wa nyumbani Mbeya ningeutumia kila siku, lakini huu wa pakiti wa hapa mara nyingi umetiwa sukari. Nimeshaharibu kabeji mbili kwa kutosoma pakiti. Sina hamu.

Mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Kwanza, kausha majani. Jani lenye maji halishiki sosi yoyote, iwe ya mafuta au isiyo na mafuta. Mimi nayafunga kwenye kitambaa safi natoka uani nazungusha mkono kama mrusha kombeo, na watoto wa lupango wananisubiri kwa hamu ili walowe. Pili, maji ya kuoshea. Huku kipindupindu si hadithi, na mboga mbichi haipiti motoni ikasafishwa na moto. Naosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ndimu siitegemei kuua vijidudu. Sosi natengeneza ya siku moja au mbili tu, kwa kuwa umeme ukikatika friji linageuka kabati la kawaida.

Nikarudi kupima mwezi wa kumi. Namba zilikuwa zimeshuka. Siwezi kuapa kwamba ni karanga. Nilikuwa nimeacha pia bia za Jumamosi, na nilikuwa natembea hadi kazini badala ya kupanda teksi. Daktari alisema tu niendelee, na safari hii alisema kwa Kiswahili toka mwanzo.

Nilimpelekea mama mwenye lupango bakuli siku hiyo hiyo, kabeji na karoti na ile sosi ya kalanga zake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na michopo pembeni. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akanyamaza. Akaonja tena, sasa kwa kijiko.

"Mwana yangu, nani alikufundisha?"

"Wewe, mama. Na bibi yangu."

"Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri sana." Akamwita mjukuu alete sahani za watu wengine. Kisha, mimi nikiwa bado nimesimama pale nimevimba kichwa, akanyoosha mkono nyuma ya kigoda, akachukua chupa ya mawese, akaimiminia bakuli langu kijiko kimoja cha nguvu, akachanganya vizuri, na akaanza kugawa.