Kabla Hujalipia Mlima, Hesabu Siku Zako za Mapumziko

"Yaya, unalipaka pesa juu ya kuanguka?" Hilo ndilo swali la kwanza lililotoka kwetu Himbi, Goma, nilipoweka kwenye grupu la familia video yangu nikiteleza mlimani juu ya ubao wa theluji. La pili lilitoka kwa mjomba, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedeli, akishusha viazi na makabichi kutoka Kibumba hadi mjini: "Freni yake iko wapi?" Nikamjibu kwamba haina. Chukudu ina kile kipande cha tairi unachokikanyaga kikaminya gurudumu la nyuma. Ubao wa theluji unausimamisha kwa kuugeuza ukingame mteremko, halafu unaulaza kwenye ukingo wake, wa visigino au wa vidole. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Basi ni chukudu bila viazi." Tangu hapo sijihangaishi tena kuueleza mchezo wenyewe.

Maswali ya watu wa Goma na Bukavu tulio nao hapa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, ni ya aina nyingine. Wao wanauliza bei. Mtu analipwa kwa saa, anapakia maboksi au anahudumia wazee, kila mwezi kuna minervali, yaani ada ya shule ya watoto, ya kutuma nyumbani; je, huu si mchezo wa madaktari na familia zao? Nasema unawezekana. Ila anza na ratiba yako ya kazi, ramani ya milima utaifungua baadaye.

Tiketi ya siku ya kupandia lifti za mlimani isahau kabisa. Kule Vail, Colorado, tiketi ya siku moja ukiinunua dirishani msimu ukiwa umechanganya imeshapita dola 300. Hesabu hiyo watu wa Goma tunaijua: ndizo dola 300 walizokuwa wanalipa watalii kwa kibali cha kupanda Nyiragongo, nasi tukiwatazama wanapita na fimbo zao, tukijiuliza kama kwao hakuna milima. Kumbe ipo, na ni ghali vilevile. Bei hiyo ina kazi yake, kukusukuma ununue pasi ya msimu, yaani abonema ya majira yote ya baridi. Kampuni ikishakuuzia pasi mwezi wa nne au wa tisa, pesa yake iko ndani hata Desemba ikikataa kuleta theluji. Wasiwasi wa hali ya hewa umeutoa mabegani mwake ukauchukua wewe, na lile punguzo ndiyo malipo yako ya kuubeba. Lijue hilo kabla hujashangilia kwamba umepata bei ya bure.

Cha kuchekesha ni kwamba vita hivi vya pasi nafuu vilipamba moto hapa hapa Boise. Mwaka 1998 Bogus Basin, mlima ulioko kama kilomita 26 kutoka mjini, ulishusha pasi ya mtu mzima hadi dola 199. Zikauzwa kwa maelfu, na wenye milima mingine wakabaki wanakuna vichwa. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts wakaleta Epic kwa dola 579, pasi moja ya milima mingi. Pasi nyingine za aina hiyo zikafuata: Ikon mwaka 2018, Indy mwaka 2019. Leo Epic kamili na Ikon kamili zote zimeshavuka dola 1,000. Indy inakupa siku 2 kwenye kila mlima ulio katika orodha yake, mingi ikiwa ya wenyeji wasio chini ya kampuni kubwa, na bado iko chini sana ya hapo. Brundage, mlima wa hapa hapa Idaho, kule juu McCall, umo.

Sasa mtu wa shifti anunue ipi? Mimi nasema mlima wa karibu wenye taa za usiku, na mengine ni hadithi.

Chukua kalenda. Toa siku za kazi. Toa Jumapili, maana ibada yetu haiishi saa sita mchana. Toa Jumamosi: kuna harusi, kuna mahari, kuna kilio, kuna mtu amejifungua, na ukikosa mara mbili utaulizwa kama umeshakuwa Muzungu. Kinachobaki ni Jumanne moja huku, Alhamisi usiku kule. Hiyo ndiyo mali uliyo nayo, na bei ya pasi yoyote igawanye kwa hiyo. Pasi ya dola 1,000 ukipanda mara 5 ni dola 200 kila mara. Ya dola 500 ukipanda mara 20 ni dola 25. Pasi kubwa zinakuuzia orodha: Colorado, Utah, Kanada, mpaka Japani. Orodha inanoga kuisoma. Lakini mtu ambaye likizo yake ya mwaka tayari imeshawekewa tiketi ya ndege ya Kigali ili avuke mpaka pale Grande Barrière aingie Goma, Japani anaenda lini?

Bogus Basin ni mlima usio na wenye hisa. Unaendeshwa kama shirika lisilo la faida. Ukitoka kazini saa kumi jioni unaupata ungali wazi, taa zimewashwa, na mistari ya lifti imepungua kwa sababu familia zimeshuka kula. Kilele chake ni mita 2,310 hivi, kwa hiyo Nyiragongo yetu yenye mita 3,470 inautazama kutoka juu. Nyumbani ukitaka kuona weupe unangoja asubuhi safi Karisimbi ivue mawingu. Huku tuko mbali na ikweta, theluji inakaa kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, mwaka ukiwa mzuri.

Uliza pia kuhusu pasi zilizokatwa. Milima mingi inauza ya Jumatatu hadi Ijumaa, mingine ya usiku peke yake, kwa bei ya chini kuliko ile kamili. Hizi nafuu mara nyingi zina siku za marufuku: wiki ya Krismasi, wikendi ya Martin Luther King mwezi Januari, na ile ya Siku ya Marais mwezi Februari. Wengine wanalalamika. Mimi sikukuu ndizo siku zenye nyongeza kiwandani, wacha wanifungie.

Wenye magari mazuri watakuambia twendeni Sun Valley, mwendo wa karibu saa 3. Kwa mfuko wetu hapana, lakini ukipata wa kukupeleka nenda ukaone kitu kimoja. Lifti ya viti ya kwanza duniani ilianza kazi huko mwaka 1936, na aliyeibuni, mhandisi James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, wazo alilitoa kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini: kamba inazunguka, ina ndoano, kila ndoano imebeba mkungu. Akaondoa ndoano akaweka kiti. Kila ninapokaa kwenye kile kiti miguu ikining'inia namkumbuka mkungu wa watu, na nikiwaambia Waamerika hawaamini mpaka watafute wenyewe.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: milima mitatu ya Marekani bado inakataza ubao na kuruhusu ski peke yake, zile mbao mbili nyembamba, kila mguu na wake. Ni Alta na Deer Valley, kule Utah, na Mad River Glen, Vermont. Hiyo miwili ya Utah iko ndani ya Ikon. Ukisikia Ikon inakupa Utah nzima na wewe ni mtu wa ubao, kata hizo mbili kwenye hesabu.

Vifaa usinunue vipya. Kila vuli hapa kuna soko la vifaa vilivyotumika, watu wanaleta mbao, viatu na kofia ngumu za mwaka jana, na maduka mengi yanakodisha seti nzima kwa msimu mmoja. Ila viatu vijaribu mwenyewe, uvifunge, upige magoti mbele. Kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu, viache hata kama ni dola 20. Kofia ngumu nunua ambayo unajua haijawahi kugonga kitu. Na koti? Koti hilo umeshaliona sokoni Birere, kule Goma. Limo kwenye baloti za mitumba, wamotari, yaani watu wa bodaboda, wanalivaa asubuhi ya baridi wakishuka kutoka Majengo. Tazama mkono wa kushoto, karibu na kifundo: kuna kimfuko chenye zipu ambamo motari anaweka noti ya mia tano ya chenji. Hicho kilishonwa kwa ajili ya kadi ya pasi. Unapita kwenye geti mkono ukiwa hivyo hivyo, mashine inaisoma kadi kupitia kitambaa, geti linafunguka. Usichanganye na simu mfuko huo huo, geti linaweza kukataa.

Barabara nayo inakula. Ya Bogus ni kona juu ya kona, na tairi za kiangazi zitakuacha mtaroni. Nendeni wanne gari moja, mchangie mafuta. Chakula bebeni: mandazi na chai ya chupa vinaliwa ndani ya jengo la chini bila mtu kukusumbua, wakati sahani ya chipsi huko juu itakufanya ukumbuke bei ya mguu mzima wa mbuzi. Kama una mtoto wa darasa la tano au la sita, ulizia pasipoti ya watoto ya Ski Idaho; kwa ada ndogo anapata siku za kuteleza kwenye milima mbalimbali ya jimbo. Na kama huna bima ya afya, ngoja. Mkono uliovunjika kwenye theluji unagharimu kuliko pasi zote nilizozitaja.

Bei ya chini kabisa hutoka mwishoni mwa baridi na majira ya kuchipua, kwa ajili ya msimu unaofuata, kisha inapanda ngazi kwa ngazi mpaka vuli. Ndiyo miezi ambayo serikali ya huku inaturudishia kodi ya mapato tuliyokatwa kupita kiasi. Goma inaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Februari ikiingia, salamu za asubuhi zinaongezeka. Mimi pesa ya kutuma nyumbani naitoa kwanza, kwa sababu baadaye haitatoka, halafu nachukua pasi ya mlima unaokubali kulipwa kwa awamu. Soma masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kubonyeza. Epic wanarejesha sehemu ukiumia au ukipoteza kazi, wengine hawarejeshi hata senti.

Na nyinyi wawili wa Nampa, hapo jirani, mliouliza kama mnaweza kununua pasi moja mkapeana, mmoja shifti ya mchana, mwingine ya usiku: hapana. Ukipita getini picha yako inatokea kwenye skrini ya mfanyakazi, na wakikukamata wanaifuta pasi bila kurudisha kitu. Kila mmoja anunue yake.