Swali la binti yangu kuhusu msamaha
Jana jioni, tulipokuwa tukichambua mchele, binti yangu aliniuliza kama Mungu hutusamehe kwa sababu tumejitahidi kuwa wema. Nilimfungulia Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, ambamo Paulo anawakumbusha waumini habari aliyoipokea yeye mwenyewe: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, na siku ya tatu akafufuka. Nikamweleza kwamba matendo mema huufuata msamaha, wala hayaununui. Nami kwa miaka mingi nilizihesabu sadaka zangu kama malipo. Akanyamaza, kisha akauliza kama hata yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu, asiyepata nafasi ya kutenda jema lolote, alipokelewa. Nikamjibu kwamba alipokelewa, tena siku ile ile.