Mkopo wa simu na majina ya watu

Leo jioni nimepita kwa shangazi, Kisauni. Anauza mahamri na mbaazi, na simu ndiyo duka lake: oda na malipo yote yamo humo.

Akanipa simu. "Hebu nitazamie, mwanangu. Hii ya mkopo mbona yanigomea?"

Alitumiwa linki kwenye WhatsApp, akaipakua.

Programu yataka majina yote yaliyomo simuni, meseji, na mahali alipo.
Nikabonyeza "Kataa". Ikajifunga.
Nikaifungua tena, "Kataa". Ikajifunga tena.

Kazi yangu ni kuandika programu. Kukokotoa mkopo hakuhitaji namba ya mwalimu wa madrasa. Namba hizo huchukuliwa ili ukichelewa kulipa, wapigiwe watu wako. Aibu ndiyo dhamana. Hili laniudhi sana!

Tangu 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo Play Store kugusa majina na picha za mtumiaji. Ile ijayo kwa linki haipiti mlango huo.

Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yataka idhini iwe ya hiari, na data ikusanywe ile inayohitajika tu. "Kubali au ondoka" ni hiari gani? Wasimamizi wazipakue programu hizi wenyewe, wazijaribu, watoze faini. Wasingoje shangazi yangu aandike malalamiko.

Nimeifuta.

Nyinyi je, ni programu ya aina gani iliyowagomea mlipokataa kuipa majina? Niandikieni hapa chini, na mseme ilitaka nini.