Okidi za shangazi, mbuzi na koa wa masika

Shangazi yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akikutazama anaona kivuli tu, lakini maua yake ya okidi alikuwa anayahudumia mwenyewe kwa kupapasa. Anashika mzizi anakwambia huyu ana kiu, anashika wa kopo la pili anasema huyu mwache mpaka keshokutwa. Alikuwa nazo kumi na nne barazani kwake Tukuyu, karibu zote za aina ya Cymbidium, alianza na kipande kimoja alichogawiwa na sista mmoja wa misheni akawa anagawanya na kupanda miaka na miaka. Ya kung'olewa porini alikuwa hataki hata kuisikia, maana kule Kitulo alishaona viazi vya okidi vinachimbwa vinavushwa Zambia kwenda kupikwa chikanda, chakula cha kule, na hiyo ndo Bustani ya Mungu yenyewe mpaka ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Oktoba 2016 akapata nafasi ya kwenda Dar kufanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza halafu lingine, akae kwa mwanae mpaka apone. Nyumba ikawa inabaki tupu. Akanipigia, "Mwanangu, njoo uwachukue watoto wangu." Nikaenda Jumamosi, nikapanga makopo kwenye Coaster, siti ya nyuma yote, nikalipa nauli ya watu watatu na mengine mawili nimeyakumbatia mpaka kwangu Uyole, Mbeya.

Maelekezo yake yalikuwa mafupi. Usiwape udongo, ni mkaa na vipande vya matofali tu maana mizizi inataka hewa. Usiwafungie ndani, waweke nje chini ya mti jua liwafikie limechujwa na majani, na ule ubaridi wa usiku wauone, bila ubaridi hawatoi maua, wataishia majani. Nikawaweka nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, juu ya matofali, nikawa naona nimemaliza kazi.

Nilichosahau ni kwamba Oktoba kwetu mahindi yameshatoka shambani, mbuzi wanaachiwa watembee wenyewe, na nyasi zimekauka mpaka zinavunjika ukizikanyaga. Mtaa mzima kitu cha kijani kilikuwa ni maua ya shangazi.

Ilikuwa Jumatano, nimerudi kazini kama saa kumi na moja jioni. Makopo sita yamelala ubavu, mkaa umemwagika, mizizi ile minene myeupe iko hewani kama vidole. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati jani, anavuta, na majani ya okidi ni magumu yana nyuzi, kwa hiyo yalikuwa yamechanika yananing'inia nyuzinyuzi nchani kama kamba iliyokatika. Mawili yalikuwa hayana jani hata moja, vimebaki vile vibonge vya chini vinavyofanana na vitunguu, na vyenyewe vimetafunwa, nadhani kwa ajili ya maji yaliyomo ndani. Nilikaa chini pale pale na nguo za kazini nikalia. Yule mama alikuwa wodini siku hiyo, jicho limefunikwa bandeji, na mimi nina siku kumi na moja tu na mali yake.

Usiku akapiga. "Watoto wangu wazima?" Nikasema wazima shangazi. Niliona nikimwambia presha itapanda waahirishe jicho la pili, hiyo ndo sababu niliyojipa.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mwenye mbuzi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akasema mbuzi wa mtaa huu wanafanana, atajuaje ni wake, nikaondoka nimekasirika kweli. Lakini Jumapili asubuhi nasikia hodi, ni yeye na fito za mlingoti begani na panga, hakusema neno kuhusu juzi, akauliza tu "wavu wa kuku unao?" Tukanunua mita nane. Tukajenga kibanda pande zote na juu pia, akasema mbuzi mdogo anapanda ukuta usimwone vile, na chini tukafukia wavu kama shubiri moja asitokee mwingine wa kufukua. Toka siku hiyo hakuna mbuzi aliyegusa.

Mwezi wa tatu vikonyo vya maua vikaanza kutoka, vitatu, vinene kama penseli. Na mvua ndo hiyo haikatiki. Asubuhi moja nakuta kimoja kimeliwa kwenye ncha na njia ya ute inang'aa kwenye kopo. Koa. Wavu wa kuku kwa koa ni mlango wazi kabisa! Nikamwaga majivu, mvua ikaosha usiku huo huo. Chumvi sikuthubutu, ingeunguza mizizi. Basi nikawa natoka saa nne usiku na tochi na koti la mvua nawaokota mmoja mmoja na kijiti, mchana wanajificha chini ya makopo kwenye unyevu. Mama jirani anayepika komoni, pombe ya kienyeji, akaniambia koa wanafuata harufu ya chachu, chukua hii iliyobaki weka kwenye vifuniko. Asubuhi walikuwemo kumi na saba wamezama. Halafu nikapandisha makopo kwenye meza, kila mguu ndani ya kopo la maji kama tunavyofanya chakula kisipandwe na sisimizi. Vikonyo viwili vikapona.

Shangazi alirudi Juni 2017, akashukia Uyole kabla ya kwenda kwake. Macho yote mawili yanaona. Akasimama mbele ya kile kibanda muda mrefu akihesabu maua kwa kidole bila kugusa, kumi na tisa, anarudia kuhesabu, machozi yanamtoka anasema kumbe yana madoa mekundu hapa mdomoni, mimi nilishasahau madoa. Ndo nikamwambia yote, mbuzi, yale mawili, na uongo wa kwenye simu.

Hakunijibu. Akauliza "hayo mawili uliyatupa?" Sikuyatupa, yalikuwa nyuma ya choo na mkaa wake. Akayafuata, akachuchumaa, akafumba macho yake yale mapya, akaingiza vidole kwenye mkaa pembeni ya kibonge kikavu. Akanishika mkono akanielekeza na mimi niguse. Kilikuwepo kitu kigumu kidogo, kimechongoka, kama punje ya mchele.

"Huyu ana kiu," akasema. "Lete maji."