Kupima nyota pacha kwa waya wa spika: kumbukumbu za Ujiji, Juni hadi Agosti

Juni 10

Mbalamwezi. Ziwani hakuna taa hata moja, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi wanabaki nyumbani. Wenye darubini wengi nao hulala usiku kama huu. Mimi ndiyo kwanza naanza. Mwezi unafuta galaksi na mawingu ya gesi, lakini nyota pacha angavu, yaani nyota mbili zinazoonekana kama moja kwa macho matupu, hauzidhuru, na kwa hiyo msimu huu wote nimeamua kufanya kazi siku zilezile ambazo ziwa limelala.

Darubini yangu ina kioo cha mm 114 na urefu wa fokasi mm 900. Stendi ni sanduku la mninga nililochongesha hapa hapa mtaani; haina mota. Kuna kanuni ya Dawes, Mwingereza aliyepima nyota pacha karne ya 19: chukua 116, gawa kwa kipenyo cha kioo kwa milimita. Napata takriban sekunde moja ya tao, yaani digrii moja iliyokatwa vipande 3,600. Nyota mbili zikikaribiana zaidi ya hapo, kwangu ni moja.

Saa nne usiku nyota pacha ya Rijili Kantori, ambayo wengine huiita Alpha Centauri, ilikuwa juu kabisa upande wa kusini. Saa nzima ya kwanza ilichemka kama uji, na nikaanza kushuku vioo. Kumbe nilikuwa naangalia juu ya paa la bati la nyumba ya mbele, ambalo lilikuwa bado linatoa joto la mchana. Nikahamia kwenye majani kando ya mwembe, nikasubiri kioo kipoe. Ndipo zikaachana: mbili za manjano, moja imefifia kidogo, na weusi safi katikati yao.

Ule weusi ndio ulionishika. Mwaka 2016 ulikuwa sekunde 4 hivi tu, na tangu hapo unapanuka. Karibu na 2030 utafika kama sekunde 10. Nyota hizi zinazungukana kwa takriban miaka 80. Padri Jean Richaud alizitenganisha mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India, wakati anafuatilia kimondo chenye mkia, na tangu siku hiyo zimeshazunguka mara nne. Kuziona haitoshi. Nataka kuzipima mwenyewe.

Julai 9

Kalbi ya Akrabu, ambayo wengine huiita Antares. Mwenzake mdogo yuko karibu sekunde 3 tu na amezama kwenye mng'ao mwekundu. Nimekaa naye saa moja na nusu. Sikumwona.

Julai 11

Leo dukani wateja walikuwa wachache, nikatengeneza kipimo. Mimi ni fundi simu, na spika mbovu ya simu ina koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, kama mm 0.05. Nilifungua lenzi ya kuchungulia ya mm 20. Ndani yake kuna pete inayokata ukingo wa duara unaloliona, na waya lazima ukae juu ya pete hiyo hasa, la sivyo utaona ukungu badala ya mstari. Nilinyoosha waya kwa kibano, nikabandika ncha moja kwa tone la gundi, nikaishikilia pumzi, nikabandika ya pili. Waya wa kwanza ulikatika, na wa pili pia. Wa tatu ulikaa, nikaukatiza na mwingine, msalaba.

Pembeni mwa lenzi nimevalisha duara la kadibodi lenye digrii 360, na sindano iliyogandishwa kwenye bomba ndiyo inayosoma.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwa kuwa darubini haina mota, Dunia inaizungusha, na nyota inakatiza duara yenyewe kuelekea magharibi. Nyota iliyo juu ya ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, hukimbia sekunde 15.04 za tao kwa kila sekunde ya saa. Ukienda kaskazini au kusini mwa hapo, mwendo unapungua. Nikijua muda uliopita kati ya nyota ya kwanza kuzama nyuma ya waya na ya pili kuzama, nimepata umbali wao wa mashariki-magharibi. Pembe ya mstari unaoziunganisha nyota hizo, nikiipima toka kaskazini kwenye duara la kadibodi, inanipa kilichobaki.

Agosti 8

Mbalamwezi tena. Moshi wa mioto ya nyika umetanda hadi milima ya Kongo haionekani, lakini hewa imetulia ajabu.

Jirani yangu mvuvi alikuwa amekaa nje. Nikamwita achungulie nyota pacha ya Albireo, iliyokuwa imepanda vizuri upande wa kaskazini karibu saa tano usiku. Akanyamaza muda mrefu, kisha:

"Fundi, hii kubwa ni karabai. Hii ndogo ni taa ya sola."

Nimesoma maelezo mengi ya rangi za Albireo, dhahabu na buluu, na sijakutana na lililo sahihi kuliko hilo.

Nikamuomba ashike stopwochi ya simu. Peke yangu ilikuwa inanishinda, kwani kidole kikigusa simu mwili unatikisika, na jicho linapoteza waya. Sasa mimi naangalia tu. Nyota ya kwanza ikizama nasema "hap!", ya pili ikizama "hap!" Kuchelewa kwake kubonyeza ni kulekule mara zote mbili, kwa hiyo kunajifuta. Huyu ni mtu aliyezoea kuvuta wavu kwa sauti ya mwenzake gizani. Hakukosea hata mara moja. Tulipitisha nyota mara 30. Mara nyingi ilitoka kati ya 1.9 na 2.3. Wastani: sekunde 2.1.

Hesabu niliifanya palepale kwa tochi nyekundu. Albireo iko digrii 28 kaskazini, na huko mwendo ni 13.28. Mara 2.1, ni 27.9. Pembe tuliisoma mara sita, wastani digrii 55; gawa kwa sini yake, 0.819.

Sekunde 34 za tao.

Katalogi zinatoa 34 na kitu. Nilimwonyesha jirani daftari na mikono ilikuwa inanitetemeka.

Kama nyota hizo mbili zinazungukana kweli au zimepangana tu machoni petu, wataalamu bado wanabishana. Kipimo changu hakiwezi kuamua hilo, lakini kimeandikwa.

Agosti 9

Rijili Kantori mapema, kabla haijashuka. Njia hii haifai kwake, na nilipaswa kuliona hilo kabla ya kutoka nje: miaka hii nyota ya pili imekaa karibu kaskazini moja kwa moja mwa ya kwanza, hivyo zinafika kwenye waya karibu pamoja. Isitoshe waya wangu, kwa fokasi ya mm 900, unafunika sekunde 11 za tao. Unazimeza zote mbili. Nikiweka lenzi ya Barlow, inayokuza picha mara mbili, unafunika chini ya 6, bado ni mnene. Nahitaji uzi wa buibui, ambao wapimaji wa zamani waliutumia.

Agosti 14

Mwezi sasa unachelewa kuchomoza, na taa zimerudi ziwani, mstari mrefu toka Kibirizi kushuka huku. Jirani yuko huko. Nimerudia Albireo peke yangu, mara 12: 2.6, 1.7, 2.5, 1.6, 2.9… Nimeacha. Uzi wa buibui nimeupata nyuma ya duka na umekaa kwenye kiberiti. Mbalamwezi ya Septemba ataniazima mkono tena, ameshaniahidi.